Geuza Chupa Usome Nyuma: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Bidhaa za Upole kwa Ngozi

Mbele ya chupa huandikwa kile ambacho muuzaji angependa uamini. Nyuma, kwa herufi ndogo za kuumiza macho, huandikwa kilichomo. Mwongozo huu ni wa hizo herufi ndogo. Unahusu pia jambo ambalo wengi wetu hulianzia mwishoni: tunanunua krimu ya kutuliza ngozi kabla ya kujua ni kitu gani kinachoichokoza kila siku. Mara nyingi mchokozi huyo ni sabuni, au ni wingi wa vitu tunavyopaka. Kwa hiyo hapa tutaanza kwa kupunguza, na tutakapofika kwenye kuongeza, tutaongeza kidogo.

## Unalinda nini hasa?

Tabaka la nje kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi. Sehemu kubwa ya mwili lina unene wa mikromita 10 hadi 20 tu (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ila viganjani na kwenye nyayo ni nene zaidi. Limejengwa kwa seli bapa zilizokwisha kufa, zimepangwa safu juu ya safu, na katikati yake mna mafuta maalumu yanayozishikanisha. Wataalamu hulifananisha na ukuta: seli ni matofali, mafuta ni saruji. Mfano huo ulienezwa na Peter Elias, mtafiti wa ngozi wa Marekani, miaka ya 1980, na hadi leo ndio unaotumika.

Saruji hiyo ina mafuta ya aina tatu kuu. Karibu nusu ya uzito wake ni seramidi, kama robo hivi ni kolesteroli, na sehemu nyingine ni asidi za mafuta. Ndani ya seli zenyewe mna mchanganyiko wa amino asidi, yurea na chumvichumvi zinazovuta maji na kuyashikilia. Juu ya hayo yote, uso wa ngozi una asidi kidogo, pH yake, yaani kipimo cha asidi ambapo 7 ni katikati na chini yake ni asidi, ikiwa kati ya 4.5 na 5.5 hivi. Asidi hiyo ina kazi. Vimeng'enya vinavyotengeneza seramidi huihitaji, na bakteria wengi wasumbufu hawastawi ndani yake.

Ukuta huu huzuia maji ya mwili yasipotelee hewani, na huzuia vya nje visipenye ndani. Ukivuja, huvuja pande zote mbili. Ndiyo maana ngozi iliyoumia huwa kavu na papo hapo huanza kuwashwa na vitu ambavyo jana haikuvijali.

## Hatua ya 1: Jua kama ukuta wako umeumia

Dalili iliyo wazi kuliko zote ni kuchoma. Losheni uliyoizoea kwa miaka inaanza kuchoma, au hata maji matupu yanawasha. Nyingine ni ngozi kukaza mara tu baada ya kunawa, kupauka hata baada ya kupaka mafuta, kubanduka magamba madogo puani na kando ya mdomo, na vipele vidogo vidogo visivyo na mdomo kama wa chunusi.

Maelezo mengi ya afya ya ngozi hutaja wekundu kama dalili kuu, na picha zake huwa za watu weupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Utakachoona ni rangi ya kijivu, ya zambarau, au eneo lililoiva na kuwa jeusi kuliko kawaida. Basi usitegemee macho peke yake. Gusa: je, pana joto? Panakwaruza? Pita na mgongo wa kidole kuanzia shavuni hadi shingoni, utasikia tofauti.

Ngozi ya mafuta nayo huumia. Uso unaweza kung'aa kwa mafuta saa sita mchana na bado ukawa unakaza na kubanduka. Mwenye hali hii kwa kawaida huamua kuosha zaidi, kwa sabuni kali zaidi, na hapo ndipo anapozidi kuharibu.

## Hatua ya 2: Pumzisha ngozi kwa wiki nne

Weka kando skrabu, brashi za uso, tona zenye spiriti, barakoa za kubandua, seramu za asidi, retinoli (aina ya vitamini A) na vitamini C kali. Si kwamba vyote hivyo ni vibaya, na baadhi yake utavirudia mwishoni. Bakiza vitu vitatu: cha kuoshea, cha kulainishia na cha kukinga jua.

Kwa nini wiki nne? Ukuta uliojeruhiwa mara moja kwa kijana mwenye afya huweza kujiziba kwa siku tatu hivi, na kwa mzee huchukua muda mrefu zaidi. Ngozi iliyochokozwa kila siku kwa miezi ni habari nyingine. Seli mpya huchukua takriban mwezi kupanda kutoka chini hadi juu na kubanduka, na kadiri umri unavyosonga ndivyo safari hiyo inavyorefuka. Kuhukumu bidhaa baada ya siku tano, kwa uzuri au kwa ubaya, ni haraka mno, isipokuwa kama inachoma au inavimbisha. Hiyo iache siku hiyo hiyo.

Kuna kitu kimoja ambacho hupaswi kukiacha ghafla bila ushauri: krimu ya kung'arisha ngozi uliyoitumia kwa muda mrefu. Nyingi ya hizo zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe, mara nyingine bila kuandikwa popote. Steroidi huipa ngozi ulaini wa haraka huku ikiipunguza unene, na ukiikata ghafla ngozi inaweza kuwaka moto na kuvimba vibaya. Nyingine zina zebaki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru figo na mishipa ya fahamu. Ukiona kwenye lebo maneno kama mercury, calomel au mercurous chloride, hiyo usiipake tena hata mara moja na usimpe mtu mwingine. Ukiwa na krimu ya aina hizi, nenda kwa daktari wa ngozi na kopo lako mkononi, na umweleze umeitumia tangu lini.

## Hatua ya 3: Badilisha sabuni kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo pa kuweka akili na muda wako. Krimu hukaa juu ya ngozi na kuongeza kitu. Sabuni kazi yake ni kuondoa, na haijui kutofautisha uchafu na ile saruji tuliyoizungumzia.

Sabuni ya kweli, yaani ile inayotokana na mafuta kuchanganywa na magadi makali, ina pH ya 9 hadi 10. Haiwezekani kuishusha ifike pH ya ngozi, kwa sababu ukiitia asidi inavunjika na kurudi kuwa asidi za mafuta, isiwe sabuni tena. Kwa hiyo sabuni ya kutengenezwa kwa mkono, ya mitishamba, ya asili asilimia mia, bado ina ukali uleule wa magadi. Wapo wanaoitumia maisha yao yote bila shida, na kama ngozi yako haijalalamika sina neno. Ila kama inakaza, usiipe nafasi nyingine kwa sababu tu imeandikwa "asili".

Ukitaka ya upole tafuta bidhaa zinazosafisha bila kuwa sabuni ya magadi, ziwe za kipande au za maji. Nyingi huandika kwamba hazina sabuni, au hutaja pH ya 5.5. Kwenye orodha ya viambato angalia kinachotoa povu:

- Sodium Lauryl Sulfate ikiwa juu kwenye orodha, rudisha chupa. Hii ndiyo kemikali ambayo watafiti huipaka kwa makusudi wanapotaka kukereketa ngozi ya watu wa majaribio ili wapime dawa. Ndugu yake Sodium Laureth Sulfate ni mpole kidogo, lakini kwa ngozi iliyoumia bado si chaguo langu la kwanza.
- Sodium Cocoyl Isethionate, majina yanayoishia na Glucoside, Cocamidopropyl Betaine, na yenye Sarcosinate au Taurate ndani yake kwa kawaida ni ya upole. Yakichanganywa mawili au matatu huwa mapole zaidi kuliko moja likiwa peke yake.
- Glisirini ikiwa miongoni mwa viambato vya mwanzo ni dalili njema, hata kwenye kitu cha kuosha.

Wachache hupata mzio wa hiyo Betaine na hizo Glucoside, kwa hiyo upole wake si hakikisho la kila mtu.

Povu lisikudanganye. Povu jingi halithibitishi usafi, na uso "unaolia" unapoupitisha kidole ni uso ulioporwa mafuta yake. Kipimo bora ni hiki: nawa, jifute kwa kugandamiza taulo bila kusugua, kisha usipake kitu chochote kwa nusu saa. Ngozi ikikaa kawaida, sabuni hiyo inakufaa. Ikianza kukaza na kukutaka upake kitu haraka, umeshapata jibu, hata kama chupa ni ya bei kubwa.

Maji ya moto huyeyusha mafuta ya ngozi na kuongeza ukali wa kila sabuni, kwa hiyo tumia ya uvuguvugu. Kama maji yako ni magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, sabuni ya magadi hushikana na madini yake na kuacha utando kwenye ngozi, na hapo bidhaa isiyo sabuni hukufaa zaidi. Mwenye ngozi kavu anaweza kunawa kwa maji matupu asubuhi na kuacha kisafishaji kwa ajili ya usiku. Vitambaa vya kufutia vipodozi na maji ya kufutia yasiyooshwa huacha kemikali za povu juu ya ngozi usiku kucha. Ukivitumia, suuza.

Mwili nao si uso. Kwapa, kinena na miguu ndivyo vinavyohitaji kuoshwa kwa povu kila siku. Mapaja, mgongo na mikono mara nyingi hutosheka na maji, labda uwe umetoka kwenye vumbi au jasho jingi. Sabuni za kuua vijidudu hazina faida ya ziada kwa mtu mzima mwenye ngozi nzima nyumbani kwake.

## Hatua ya 4: Jifunze kusoma orodha ya viambato

Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Utaratibu huo hufuatwa hadi kwenye vitu visivyofika asilimia 1, na kuanzia hapo mtengenezaji huruhusiwa kuvipanga anavyotaka. Mstari huo hauchorwi, lakini kuna njia ya kuukisia. Tafuta neno Phenoxyethanol. Ni kihifadhi ambacho sheria ya Ulaya hairuhusu kizidi asilimia 1, na watengenezaji wengi duniani huufuata ukomo huo. Kila kilichotajwa baada yake kwa kawaida kiko chini ya asilimia 1. Yale maua kumi na mimea saba iliyochorwa mbele ya chupa, mara nyingi utaikuta huko nyuma imejibanza. Si kila kilicho chini ya asilimia 1 ni bure, maana seramidi hufanya kazi kwa kiasi kidogo. Ila mmea uliobeba jina la bidhaa nzima ulipaswa kukaa mbele zaidi.

Baada ya hapo winda manukato. Ndiyo sababu mojawapo kubwa ya mzio wa vipodozi. Huandikwa Parfum au Fragrance, na neno hilo moja linaweza kuficha makumi ya kemikali. Sheria za Ulaya zilikuwa zinataka 26 kati ya zile zinazoleta mzio zitajwe kwa majina, na mwaka 2023 orodha hiyo ikapanuliwa ikapita 80. Ndiyo maana unaona Linalool, Limonene, Citral na Geraniol mwishoni mwa lebo. Mafuta ya kunukia ya lavenda, ndimu, mchaichai na mti wa chai nayo yanaweza kuleta mzio. Linalool na Limonene zikipigwa na hewa hugeuka kuwa chokozi zaidi, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi miezi mingi si ileile uliyonunua.

Ukiona "unscented", yaani isiyo na harufu, usidhani umepona. Neno hilo laweza kumaanisha kwamba kimetiwa kitu cha kufunika harufu. "Fragrance free", yaani isiyotiwa manukato, ni afadhali, na orodha ya nyuma ndiyo ya kuamini kuliko yote mawili.

Kuhusu alkoholi, watu huogopa isiyo na kosa. Cetyl, Stearyl na Cetearyl Alcohol ni nta laini zinazotuliza ngozi. Ya kuiepuka ni Alcohol Denat. inapokuwa miongoni mwa viambato vitano vya kwanza kwenye kitu unachopaka na kukiacha.

Vihifadhi vina hadithi iliyogeuzwa kichwa chini. Parabeni zimesemwa vibaya kiasi kwamba makampuni huandika kwa fahari kuwa hawazitumii, ilhali kwa upande wa mzio ni miongoni mwa vihifadhi visivyosumbua ngozi. Mwaka 2019 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kiliziteua kwa mzaha wenye maana kuwa "kisicho mzio cha mwaka". Methylisothiazolinone, iliyoshika nafasi ya parabeni katika bidhaa nyingi, ilisababisha mzio mwingi hadi chama hichohicho kikaitangaza kuwa mzio wa mwaka 2013, na Ulaya ikaipiga marufuku kwenye bidhaa za kupaka na kuacha. Hiyo, pamoja na DMDM Hydantoin na Quaternium-15 zinazotoa fomalini kidogo kidogo, zikwepe. Lakini usikimbilie krimu yenye maji isiyo na kihifadhi chochote. Itaota ukungu, na ukungu hauhurumii ngozi iliyochubuka.

Maneno ya mbele ya chupa mengine hayana uzito kabisa. Mwaka 1975 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilijaribu kuwalazimisha wanaoandika "hypoallergenic", yaani isiyoelekea kuleta mzio, wathibitishe kwa majaribio. Kampuni mbili za vipodozi, Almay na Clinique, zikaenda mahakamani, na mwaka 1977 mahakama ya rufaa ikaifuta kanuni hiyo. Tangu hapo neno hilo huko linamaanisha lolote ambalo mwenye bidhaa anataka limaanishe. "Imepimwa na madaktari wa ngozi" nayo haikuambii walipima kwa watu wangapi wala walipata majibu gani.

## Hatua ya 5: Chagua cha kulainishia kwa kazi zake tatu

Krimu nzuri hufanya mambo matatu: huvuta maji, hulainisha nyufa, na hufunika juu ili maji yasitoroke.

Katika vya kuvuta maji, glisirini ndiyo mfalme asiyetangazwa. Ni rahisi, inavumiliwa na karibu kila mtu, na ngozi yenyewe huwa nayo kwa asili. Asidi ya hayaluroniki husifiwa zaidi, lakini kama bajeti ni moja, mimi ningeangalia glisirini kwanza. Yurea ya asilimia 5 hadi 10 inafaa sana kwa mwili mkavu. Ikipanda asilimia 20 na kuendelea inakuwa ya kubandua ngozi ngumu, nzuri kwa magaga ya kisigino, na huchoma vikali penye mchubuko.

Vya kulainisha ni kama skwaleni, siagi ya shea na mafuta ya mimea. Mafuta ya mimea hayafanani. Yenye asidi ya oleiki kwa wingi, kama ya zeituni, yanaweza kulegeza mpangilio wa saruji ya ngozi, na katika utafiti uliofanywa kwa watu wazima mwaka 2013 mafuta ya zeituni yalidhoofisha ukuta ilhali ya alizeti hayakufanya hivyo. Kwa ngozi iliyoumia au ya mtoto mchanga, hili si jambo dogo.

Vya kufunika vinaongozwa na mafuta ya mgando. Robert Chesebrough alipata hataza yake Marekani mwaka 1872, na hakuna kilichoyashinda hadi leo katika kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi. Hayazibi ngozi isijitengeneze, kwani huingia katikati ya seli za juu na kuipa nafasi ya kupona. Yakiwa matupu hayana manukato, hayana kihifadhi, na mzio wake ni nadra mno. Kasoro yake ni kunata, na kwamba hayaongezi maji: ukiyapaka kwenye ngozi kavu utafungia ukavu ndani. Asiyependa kunata atafute krimu yenye dimethikoni, aina ya silikoni. Lanolini ni nzuri pia, ila wenye ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, hupata mzio wake zaidi ya wengine.

Sasa seramidi, neno linalouza krimu nyingi siku hizi. Majaribio ya kina Elias miaka ya 1990, mengi yakiwa kwa panya, yalionyesha kwamba ukipaka moja tu kati ya yale mafuta matatu ya ukuta, kupona kunachelewa. Ukipaka yote matatu kwa uwiano unaofaa, kunarudi kuwa kwa kawaida au kunaharakishwa. Kwa hiyo ukinunua krimu kwa sababu ya seramidi, angalia kama ina kolesteroli na asidi za mafuta pia, kama Stearic au Linoleic Acid. Ikiwa ina Ceramide NP mwishoni mwa orodha na hakuna wenzake, unalipia jina.

Viwili vya kuongezea ambavyo mimi huviona vina thamani: niasinamidi (aina ya vitamini B3) ya asilimia 2 hadi 5, ambayo huisaidia ngozi kutengeneza seramidi zake, na panthenoli (aina ya vitamini B5). Niasinamidi ya asilimia 10 haina faida ya wazi zaidi na huwawasha baadhi ya watu. Mwenye muwasho aangalie pia unga laini wa oti, unaoandikwa colloidal oatmeal, ambao FDA iliukubali mwaka 2003 kama kinga ya ngozi.

Umbo la bidhaa lifuate ngozi na hali ya hewa. Losheni ina maji mengi, krimu ni nzito zaidi, marhamu ni mafuta karibu matupu. Ngozi ya mafuta itapenda jeli au losheni nyepesi. Ngozi inayopasuka itake krimu au marhamu. Chupa ya pampu au tyubu ni bora kuliko kopo la kuchovya vidole. Tazama pia kile kialama cha kopo lililofunguka chenye 6M au 12M: ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua, si tangu ilipotengenezwa.

## Hatua ya 6: Kinga ya jua isiyochoma

Kipimo cha SPF, ile namba ya nguvu ya kinga iliyo kwenye chupa, kikiwa 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, yaani ile inayounguza ngozi, na 50 huzuia takriban 98. Tofauti ni ndogo kuliko namba zinavyodai, na kiasi unachopaka kina uzito kuliko namba. Ngozi inayochoma kirahisi huvumilia zaidi zinki oksidi na titani dioksidi. Tatizo lake ni weupe unaobaki usoni kwa mtu mweusi. Toleo lenye rangi lina oksidi za chuma, ambazo huondoa weupe huo na pia hukinga mwanga wa kawaida unaochangia madoa meusi. Kofia na kivuli havina viambato vya kusoma.

## Hatua ya 7: Jaribu mkononi kabla ya usoni

Paka bidhaa mpya sehemu ileile ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku 7 hadi 10. Paka kiasi kile ambacho ungetumia kawaida. Ikiwa ni ya kuosha, iache kwa muda uleule ambao ungeiacha unaponawa, kisha suuza.

Siku moja haitoshi kwa sababu ya jinsi mzio unavyofanya kazi. Mkereketo hutokea ndani ya dakika au saa. Mzio huchukua siku moja hadi tatu kujitokeza, na kwa mtu ambaye mwili wake ndio kwanza unakitambua kitu hicho, huchukua zaidi. Ukipita salama, hamia usoni, bidhaa moja kwa wakati mmoja, ukiacha wiki mbili kabla ya nyingine. Anayebadilisha vitu vinne siku moja hataweza kujua kipi kilichomharibia.

## Hatua ya 8: Paka kwa wakati na kwa kiasi

Toka bafuni, jikaushe nusunusu, paka ndani ya dakika tatu. Krimu ya kawaida juu ya ngozi yenye unyevu hufanya kazi nzuri kuliko ya gharama iliyopakwa juu ya ngozi iliyokauka. Kwa kiasi, tumia kipimo cha ncha ya kidole: mstari unaotoka kwenye tyubu, kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye kiungo cha kwanza, ni kama nusu gramu, na hutosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Uso na shingo huhitaji mistari miwili na nusu.

## Hatua ya 9: Rudisha vikali polepole

Baada ya wiki nne bila kuchoma wala kubanduka, unaweza kurudisha kimoja cha vile ulivyoviweka kando. Anza mara mbili kwa wiki, usiku, juu ya ngozi kavu, na krimu ya kulainishia ifuate. Retinoli unaweza kuipaka katikati ya tabaka mbili za krimu, na itapungua ukali. Usiweke asidi na retinoli usiku mmoja. Kuchoma kukirudi, shuka hadi mara moja kwa wiki au acha. Wapo watu ambao ngozi yao haivitaki vitu hivi maisha, na hawakosi kitu kikubwa.

## Wakati wa kumwona daktari

Usisubiri wiki nne ikiwa kuna usaha, ukoko wa manjano, vidonda vinavyovuja, homa, macho au midomo kuvimba, au muwasho unaokunyima usingizi. Mtoto mchanga mwenye ngozi inayopasuka naye apelekwe mapema.

Kama unashuku mzio, beba chupa zote, hata ya shampuu na ya rangi ya kucha, kwa sababu zote hugusa uso kwa njia moja au nyingine. Piga picha ngozi siku ilipokuwa mbaya zaidi, maana ina tabia ya kutulia siku ya miadi. Kipimo cha mzio wa kugusa hufanywa kwa vibandiko mgongoni vinavyokaa siku mbili, kisha mgongo husomwa vikitolewa na tena siku moja au mbili baadaye. Muulize daktari mapema kuhusu dawa unazotumia, na usipake krimu ya steroidi mgongoni kwa muda wa wiki moja kabla yake, kwa sababu huficha majibu.